Tupeni wiki tatu tu: barua ya wazi kwa wakubwa wa michezo Uganda

Wakubwa wetu, nyinyi wa baraza la michezo pale Lugogo, nyinyi wa wizarani, na yeyote mwenye saini ya kutoa hela,

Shikamooni. Mnisamehe Kiswahili changu, ni cha baraksi. Nimezaliwa baraksi ya polisi Naguru, hapa Kampala, baba alikuwa dereva wa polisi, mama alikuwa anakaanga chapati karibu na geti, na pale kwetu Mganda akigombana na Mlugbara juu ya zamu ya bomba la maji, Kiswahili ndiyo kiliwagombanisha na Kiswahili ndiyo kiliwapatanisha. Kwa hiyo barua hii ya kuomba wiki tatu za mashindano ya tenisi siandiki kwa Kiingereza cha ofisi. Si baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, basi mimi nimeanza kukitumia rasmi.

Kazi yangu ni kufunga nyuzi za raketi za tenisi. Ndiyo, hiyo ni kazi, watu wananiuliza kila siku. Nina mashine ya zamani ya jiwe, yaani siyo ya umeme, ina mkono wa chuma na uzito unaoning'inia mwishoni, unausogeza uzito mbele au nyuma kulingana na pauni unazotaka halafu unauachia ushuke polepole mpaka mkono ulale sawasawa na meza, hapo uzi umevutika pauni zako 48 au 50, unaubana, unahamia tundu linalofuata. Raketi moja inakula kama mita 12 za uzi, rola ya mita 200 inanipa raketi 16 kama sijaharibu kitu. Umeme ukikatika nawasha tochi ya simu naendelea, jiwe halijali umeme.

Raketi nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za mabosi wanaocheza jioni kupunguza kitambi, na sitawasema vibaya kwa sababu hao ndio wananilisha. Lakini kuna mbili ambazo sitozi hela, za mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 17, yuko senior five, na jina lake sitaliweka hapa. Raketi yake ya kwanza iko sawa. Ya pili vile vipete vya plastiki vinavyozuia fremu isikate uzi vimeisha, na kwa modeli ile dukani havipatikani tena, kwa hiyo nakata mrija wa soda vipande vidogo vidogo navisukuma kwenye matundu na sindano ya viatu. Inashika wiki mbili, wakati mwingine siku kumi, halafu anakuja tena, "Mjomba, imekatika."

Na kabla hamjasema, ndiyo, ni mpwa wangu, nina maslahi yangu hapa, siwezi kujifanya mimi ni mchambuzi wa kukaa katikati. Lakini hii kitu ninayotaka kusema haimhusu yeye peke yake, na nimeifikiria miaka mingi nikiwa nimeinama juu ya hiyo mashine.

Niwaambie kitu kimoja kuhusu tenisi ambacho watu wa riadha hawana shida nacho. Joshua Cheptegei alipokimbia mita 10,000 pale Valencia Oktoba 2020 kwa dakika 26 na sekunde 11, dunia nzima ilisoma saa ikanyamaza. Na hata kabla ya hapo, kijana wa Kapchorwa akikimbia vizuri kwenye mashindano yenye saa ya kuaminika ule muda wake ni muda, ukisomwa Kapchorwa au Oslo ni uleule, hakuna wa kuuliza alishindana na nani. Tenisi haina saa. Mtoto anaweza kupiga sevu, ule mpira wa kuanzisha, kali sana hapa Kampala, anaweza kumfunga kila mtu wa rika lake mpaka wanachoka kucheza naye, na duniani bado ni sifuri, hayuko kwenye orodha, hayupo. Unapimwa tu kwa kucheza na watu waliopimwa tayari, kwenye mashindano yaliyoandikishwa, na kama mashindano hayo yako mbali basi wewe hujapimwa, mwisho wa habari.

Sasa hao wanaopimana wanapimana wapi? Ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ni yale mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, ya dola 15,000, ya wanaume yanaitwa M15, ya wanawake W15. Hiyo dola 15,000 ni zawadi ya mashindano yote, singo ya mmoja mmoja na dabo ya wawili wawili, watu wote wanagawana. Ukitolewa raundi ya kwanza ya singo unapewa kama dola 150, kwa hela yetu ni laki tano na nusu hivi, na hapo kodi ya nchi husika bado haijakatwa. Mashindano haya yanafanyika karibu kila wiki ya mwaka Monastir kule Tunisia, Antalya Uturuki, Sharm El Sheikh Misri. Mtoto wa Ulaya anachukua ndege ya bei rahisi anaenda kukaa Antalya wiki nne, wiki ya kwanza anapigwa, ya pili anapigwa, ya tatu anapata pointi moja, anarudi nyumbani na pointi yake. Wa kwetu ahesabu tiketi ya ndege, visa, hoteli, chakula, mtu wa kumsindikiza kwa sababu ni binti wa miaka 17 na hakuna mama atakayemwachia aende peke yake, halafu aende kupigwa raundi ya kwanza apewe laki tano na nusu.

Na msidhani ni shida ya Waafrika tu. ITF wenyewe waliwahi kupiga hesabu za mwaka 2013 wakakuta mwanamume alihitaji kuwa karibu namba 336 duniani, na mwanamke karibu namba 253, ndipo hela ya zawadi iweze kufidia gharama zake, na hapo kocha hajahesabiwa. Yaani wewe ni namba 300 ya dunia, mwanamke wa 300 kati ya wanawake wote wanaocheza huu mchezo, na bado unakula hasara. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ya mchezaji wa tenisi ni miaka ya kulipiwa na mtu, hakuna njia nyingine, swali ni nani analipa na analipa kwa akili gani. Nyumbani kwetu analipa dada yangu, na mimi na nyuzi zangu.

Niwasimulie safari moja tu.

Kulikuwa na mashindano ya kina dada Nairobi. Hii ngazi orodha inafungwa siku 18 kabla ya Jumatatu ya mashindano, saa 14:00 za Greenwich, yaani kwetu saa kumi na moja jioni ya Alhamisi, ukichelewa dakika moja mtandao haukujui. Tukamwandikisha kwa wakati, akaingia upande wa mchujo, zile mechi za kugombea kuingia droo kubwa. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilikuwa imeahidi nauli na malazi, barua tulikuwa nayo mkononi, imebaki saini mbili. Ya kwanza ikapatikana. Ya pili mwenyewe alikuwa semina. Tukaambiwa njoo Jumatano, Jumatano tukaambiwa njoo Alhamisi, Alhamisi kuna mama mmoja pale mapokezi akatuonea huruma akasema bambi, hii kitu wiki hii haitoki. Mchujo unaanza Jumapili asubuhi, na Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili jioni lazima uwe umeshajiandikisha. Dada yangu akaenda kukopa kwenye kikundi chao cha akiba, hela ikatoka Ijumaa jioni, tukapanda basi ya saa tano usiku, mimi na mtoto na zile raketi mbili na kaveera, mfuko wa plastiki, ya chapati.

Malaba, pale mpakani na Kenya, tulikaa masaa matano. Malori yamefunga njia, dereva amezima injini, watu wameshuka wanakunywa chai. Mtoto amekaa kwenye kiti magoti yamekunjwa kwa sababu mbele kuna mtu ameegemeza kiti nyuma mpaka mwisho, kila nikimwambia shuka unyooshe miguu anasema mjomba niache nilale, na hakulala. Jumamosi saa kumi na moja na dakika arobaini jioni ndiyo tuliingia pale viwanjani, zimebaki dakika 20. Akaandika jina. Mkono ulikuwa unatetemeka. Tukalala kwa jamaa yangu mmoja Kawangware, kitanda akapewa yeye, mimi kwenye kochi.

Asubuhi saa tatu na nusu akacheza na binti kutoka Ulaya ambaye alikuwa Nairobi tangu wiki iliyopita, amezoea hewa, amezoea mipira. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, mpira unaruka kuliko hapa kwetu, na mtoto wetu miezi yote amefanya mazoezi na mipira iliyokwisha pumzi, ile ambayo ukiiminya kwa vidole inakubali. Gemu tatu za kwanza kila kitu kilikwenda nje. Seti ya kwanza akapoteza 6-3. Ya pili akaanza kukata mpira chini, akili ikaanza kufanya kazi, akashinda 6-3. Kwenye mchujo seti ya tatu hamchezi nzima, mnacheza taibreki ya pointi kumi. Akafika 8-7 mbele, na sevu ni yake. Hapo nikamwona anapiga mguu wa kulia chini, mara mbili, mara tatu. Mshipa wa ndama umekaza. Wakamaliza 10-8, ya yule binti.

Hakulia. Alikuja akaniuliza kama basi ya kurudi ni saa ngapi.

Hela ya ofisi iliingia Alhamisi iliyofuata, sisi tuko Kampala tayari, yeye yuko darasani. Na wakataka risiti za hoteli. Hoteli ambayo hatukulala. Mimi nikawaandikia kwenye karatasi kwamba tulilala kwenye kochi Kawangware na kochi halitoi risiti, wakasema hapo sasa hela inabidi irudi. Ikarudi. Sijui ilirudi wapi.

Sasa mimi sisemi angeshinda. Huenda hata angelala hotelini siku tatu angepigwa vilevile, tenisi ni hivyo. Nachosema ni kwamba mechi ile haikutuambia chochote kuhusu mtoto yule, ilitupima Malaba tu.

Mnamkumbuka Angella Okutoyi, yule binti wa Kenya. Julai 2022 alichukua Wimbledon ya vijana, dabo ya wasichana, na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Binti aliyelelewa na bibi yake, bibi alikuwa mfanyakazi kwenye shule ya Loreto Valley Road pale Nairobi, hapo ndipo mtoto alijifunzia tenisi. Mkenya wa kwanza kuchukua taji la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi. Hapa Naguru tulishangilia utadhani ni wa kwetu. Lakini watu wachache wanakumbuka aliyefungwa siku ile. Fainali ilikuwa dhidi ya mabinti wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko, ikaenda mpaka taibreki ya seti ya tatu, 11-9. Pointi mbili tu. Na huyo Mboko wazazi wake ni Wakongo, yaani ni damu ya hapa hapa jirani, ukivuka Mpondwe umeshaingia nchi yao.

Nataka tumtazame huyo Mboko taratibu kwa sababu mambo yake yako wazi kila mtu ameyaona. Alipata majeraha, akayumba, mwaka 2025 ulipoanza alikuwa nje ya 300 bora. Alianzia wapi? Siyo kwenye televisheni. Alianzia mashindano madogo ya W35, ngazi juu kidogo ya W15, Martinique na Guadeloupe, visiwani huko, mahali ambapo watazamaji ni mbwa na mama wa mchezaji mwingine. Akashinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Kila wiki mashindano, kila wiki pointi, anapanda. Mei akapita mchujo wa Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, akafika raundi ya tatu. Halafu Agosti ikaja Montreal, mashindano makubwa ya nchi yake mwenyewe, na kule aliingia kwa waildikadi, ile nafasi ambayo mwenye nyumba anampa anayemtaka. Akamfunga Coco Gauff, akamfunga Rybakina, akamfunga Naomi Osaka fainali 2-6, 6-4, 6-1. Alikuwa hajafikisha miaka 19, zimebaki wiki mbili na kitu.

Mtaniambia huyo ni kipaji cha ajabu, siyo kila mtu. Kweli kabisa. Lakini angalia mlango alioingilia. Waildikadi ya Montreal Kanada waliweza kumpa kwa sababu Montreal ni yao. Huwezi kumpa mtoto ufunguo wa nyumba ambayo huna. Na yule Okutoyi wetu baada ya Wimbledon akaenda kusoma na kucheza Auburn, Marekani, na amefanya vizuri, dhahabu ya African Games kule Accra mwaka 2024 ni yake, simwonei huruma wala hahitaji. Ila najiuliza tu, kama pale Nairobi na Kampala na Kigali kungekuwa na wiki kumi za mashindano zinazofuatana, angehitaji kuvuka bahari ili apate mtu wa kucheza naye?

Basi hiki ndicho ninachoomba, na ni kidogo kuliko mnavyodhani. Wiki tatu. Kila mwaka, wiki tatu mfululizo za W15 hapa Kampala, na za wanaume M15 kwa wakati huohuo mkiweza, tarehe zilezile, zijulikane mwaka mmoja kabla.

Kwa nini tatu na siyo moja? Kwa sababu sheria ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, ni hii, ili jina lako liingie kwenye orodha ya dunia inabidi uwe umepata pointi kwenye mashindano yasiyopungua matatu, au uwe na pointi 10 kwa jumla. Kwenye W15 ukishinda mechi moja tu ya raundi ya kwanza umepata pointi moja. Piga hesabu wenyewe. Binti akishinda mechi moja wiki ya kwanza, moja ya pili, moja ya tatu, ameingia kwenye rankingi ya dunia bila kupanda ndege, bila visa, amelala kitandani kwake na kula posho, yaani ugali, ya mama yake. Mechi tatu! Wiki moja peke yake haimfikishi, hata akishinda mechi moja anabaki na kapointi kake kamoja anatafuta Tunisia mbili za kukamilisha.

Na mwenyeji anapata waildikadi nne kwenye droo kubwa ya watu 32, na nyingine kwenye mchujo. Nne mara tatu ni 12. Nafasi 12 za Waganda kucheza na watu wenye rankingi, bila kuomba mtu. Mkiwapeleka watoto wanne Monastir wiki tatu mnajua mnatumia ngapi, na kule hakuna anayewapa hata moja.

Hela? Najua ndiyo swali. Zawadi za wiki tatu za W15 ni dola 45,000, kama shilingi milioni 165, na hapo bado refa, mipira, tabibu, malazi ya maofisa, sijui ada za ITF, siwafichi itapanda. Ni hela nyingi kwangu. Lakini nimeona uwanja wa Namboole ulivyokarabatiwa, nimeona uwanja wa Hoima umesimama kwa ajili ya AFCON 2027, na mimi mpira naupenda, msije mkasema nina wivu. Nasema tu kwamba kwenye hesabu za nchi hii kuna sentensi ambazo ni kubwa kuliko barua yangu nzima. Na hela hii haiondoki yote, wale wageni watalala kwenye hoteli za hapa, watapanda boda za hapa, watakula rolex, ile chapati yetu ya mayai, na nyuzi zao zikikatika watanitafuta mimi, hilo nalo nakubali nimelifikiria.

Majirani wanaweza. Kigali waliandaa ATP Challenger ya wanaume mwaka 2024, wiki mbili mfululizo, hiyo ni ngazi ya juu zaidi ya hii ninayoomba. Nairobi wanaandaa. Mkikaa na hao wawili mkapanga kalenda moja, Nairobi wiki zao, sisi wiki zetu, Kigali wiki zao, mtoto wa Uganda anatembea na kitambulisho tu, pasipoti haihitajiki, tangu 2014 tunavuka kwa kitambulisho Kenya na Rwanda. Basi ya Katuna, basi ya Busia. Na yule mgeni wa Ulaya naye anakuja kwa sababu tiketi moja ya ndege inampa wiki nane badala ya moja. Hivi ndivyo zamani ilivyokuwa, wakati yanaitwa Futures. Nilikuwa bolboi, muokota mipira. Tulikuwa tunateremka kutoka Naguru pekupeku, wanatupa fulana na soda, na jioni tunapigania mipira iliyotumika. Mimi kufunga nyuzi nilijifunza wiki moja ya hizo, kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na mashine ndogo ndani ya begi, nilimbebea maji siku tano akaniacha nishike ule mkono wa chuma. Kwa hiyo hata hii kazi yangu ilitoka kwenye mashindano. Hilo sikulifikiria mpaka leo naandika.

Kuna mambo mawili yanaenda pamoja na wiki hizo tatu, na bila hayo afadhali msifanye.

Waildikadi zichezewe. Wiki mbili kabla, wekeni mashindano ya nyumbani, anayetaka aje, kutoka Jinja, kutoka Arua, kutoka Mbarara, wa kwanza mpaka wa nne wanaingia. Zisigawanywe kwa simu. Nyinyi mnajua nazungumzia nini na mimi najua mnajua. Mpwa wangu akipigwa huko atakaa nje atazame, nitamnunulia soda mimi mwenyewe.

Na hela ya safari, kwa wale mnaowapeleka nje, itoke kabla ya ile Alhamisi ya siku 18. Kama saini ya pili iko semina basi awepo wa kusaini badala yake. Mchezaji akijiandikisha halafu asiende bila kujiondoa kwa wakati anapigwa faini, kwa hiyo mkichelewa nyinyi deni ni la mtoto. Afadhali mseme mapema hakuna, tujue tunakopa au tunakaa.

Najua kuna atakayesema watoto wetu watapigwa 6-0, 6-0 mbele ya watu, ni aibu. Wapigwe. Tumeona Duncan Mugabe miaka mingi akienda kuibeba nchi kwenye Davis Cup, kombe la timu za nchi, mnafikiri alijifunzia wapi kupigana, kwa kufunga majirani? Wapigwe hapa ambapo mama zao wapo, wiki ijayo wapigwe 6-2, 6-1, wiki ya tatu mmoja atashinda. Mmoja tu. Mimi namjua mmoja ambaye alikuwa 8-7 mbele na sevu mkononi.

Mpwa wangu ana mwaka mmoja na nusu kumaliza shule. Akimaliza, mama yake anataka asomee unesi, na mama yake hajakosea, nimekaa naye jikoni tumeongea mpaka mkaa ukaisha na sikuwa na cha kumjibu. Aliniuliza swali moja, "Hiyo tenisi itaanza lini kumlipa?" Nikamwambia sijui. Akaniuliza, "Na nani anajua?" Ndiyo nikaja chumbani nikaanza kuandika hii.

Tarehe mkizipata naomba mzitoe mapema. Uzi naagiza kutoka Nairobi, unakuja na kondakta wa basi, na haujawahi kufika chini ya wiki mbili, na kama ni wiki tatu mfululizo nitahitaji rola zisizopungua nne.

Wenu,
Mfunga nyuzi, Naguru